Upinde, Mshale na Mkuki: Dhima na Msamiati wa Silaha za Jadi katika Kondoa

Utangulizi

Katika miamba ya Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, wamechorwa watu warefu na wembamba kwa rangi nyekundu, na baadhi yao wameshika pinde. Pembeni mwao wako twiga, tembo na pofu. Mgeni anayefikishwa mbele ya michoro hiyo kwa kawaida huuliza maswali mawili: ni nani aliyeichora, na ni ya miaka mingapi? Swali la tatu, ambalo huulizwa kwa nadra, ni hili: upinde ule ulikuwa na maana gani kwa aliyeushika, na ni nani leo anayeweza kuzitaja sehemu zake kwa majina?

Mhadhara huu unajadili swali hilo la tatu. Hoja yake kuu ni kwamba silaha ya jadi haidumu kwa sababu ya mti wake wala chuma chake. Hudumu kwa sababu ya taratibu zinazoizunguka na maneno yanayozibeba taratibu hizo. Pale ambapo taratibu zimefundishwa, silaha huweza kutoka vitani na mawindoni ikaingia katika elimu, michezo au ibada bila kupoteza heshima yake. Pale ambapo hazikufundishwa, silaha hubaki kuwa kielelezo mahakamani au pambo ukutani, na maneno yake hufifia. Kondoa inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu imehifadhi picha za kale za silaha na lugha za watu waliozitumia, ilhali taratibu zenyewe zimekatizwa na historia. Ili kuonesha kwamba mwisho huo haukuwa wa lazima, Kondoa italinganishwa na Japani, nchi ambayo nayo ilinyang'anya watu wake silaha kwa sheria, lakini mafunzo yake yakabaki.

Kondoa na lugha zake

Jina Kondoa linatumika hapa kwa maana yake ya zamani, yaani eneo lote lililokuwa wilaya moja kabla ya Wilaya ya Chemba kuanzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya nchi ya Wasandawe, pamoja na Kwa Mtoro na Farkwa, sasa imo Chemba. Eneo hilo lina sifa isiyopatikana kwa urahisi penginepo barani Afrika. Kirangi ni lugha ya Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni za Kikushi. Kimaasai na Kidatooga ni za Kiniloti. Kisandawe kina sauti za vidoko, na baada ya kuwekwa kwa muda mrefu katika kundi la Khoisan, wanaisimu wengi sasa hukichukulia kuwa lugha isiyo na ndugu aliyethibitishwa.

Mbali na lugha hizo, Kiswahili nacho kilifika mapema. Katika karne ya 19 mji wa Kondoa-Irangi ulikuwa kituo cha misafara ya biashara iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu, na wafanyabiashara Waislamu wa pwani walipiga kambi na kuoa hapo. Kwa hiyo mpiga upinde, mrusha mkuki na mbeba bunduki walikutana katika soko moja, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua jinsi lugha hii ilivyokutana na lugha za bara hana haja ya kwenda mbali.

Upinde kwenye mwamba

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lililotambuliwa lina ukubwa wa kilometa za mraba 2,336, na idadi ya mapango na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mtafiti aliyeitangaza zaidi duniani ni Mary Leakey, ambaye mwaka 1951 alinakili takriban picha 1,600, kazi ambayo matunda yake yalichapishwa katika kitabu mwaka 1983. Katika miaka ya 1970, Fidelis Masao aliichunguza upya michoro hiyo pamoja na zana za mawe zilizofukuliwa karibu nayo, na kwa kazi hiyo uchunguzi wa michoro ukapata sauti ya mwanazuoni Mtanzania.

Kuhusu maana ya michoro, wataalamu hawakubaliani. Mfano maarufu ni mchoro mmoja wa Kolo unaoonesha watu kadhaa waliomzunguka mtu aliye katikati. Leakey aliuona kuwa tukio la utekaji: watu wenye vichwa vya ajabu wanamvuta mwanamke, na wengine wanamtetea. Wataalamu waliofuata, hasa waliozilinganisha picha za Kondoa na zile za kusini mwa Afrika, waliusoma mchoro huohuo kama ngoma ya uganga, ambamo mtu aliyepandwa na nguvu anashikwa na wenzake asianguke. Imogene Lim, katika tasnifu yake ya mwaka 1992, aliihusisha michoro ya Usandawe na ngoma ya simbo na nguvu zinazoaminiwa kukaa mahali maalumu. Hata hivyo, wasomaji wote wawili, wa vita na wa ngoma, wanakubaliana juu ya jambo moja: mtu wa Kondoa wa kale alipochagua vitu vinavyostahili kukaa mwambani, upinde ulikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Jambo jingine ni kwamba michoro haikuwa kitu mfu kwa wenyeji. Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1971 kwamba uchoraji ulikuwa bado ukikumbukwa, na kwamba sehemu yake ilihusiana na uwindaji: mnyama alichorwa ili apatikane. Hali kadhalika, pango la Mungumi wa Kolo bado linatumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Kwa mtazamo huo, mshale ulianza kazi kabla ya kuachiwa kutoka kwenye upote. Ulianzia katika tendo la kuomba.

Mshale kama mali, mkuki kama heshima

Ili dhima ya mshale ieleweke, inafaa kuwatazama Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini-magharibi mwa Kondoa. Lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na Kisandawe, lakini ni wawindaji wa upinde wa eneo hilohilo la kati, na maisha yao yameandikwa kwa kina zaidi. James Woodburn alieleza mchezo wao wa bahati uitwao lukuchuko, ambao wanaume huucheza kwa kurusha vipande vya magome ya mti. Kinachowekwa rehani ni mishale yenye chembe za chuma, sumu na vitu vingine vinavyoweza kupokezanwa. Upinde wa mtu na mishale yake isiyo na sumu havichezewi. Utaratibu huo una hekima. Vitu adimu, ambavyo mtu angeweza kuvilimbikiza akawa tajiri kuliko wenzake, huzungushwa mpaka vikamfikia kila mmoja. Kitu kinachomwezesha mtu kujilisha hakiguswi hata akishindwa siku nzima. Kwa hiyo silaha ileile iliyo chombo cha kuulia mnyama ni chombo cha kuzuia ukubwa miongoni mwa watu.

Kwa Wabarbaig, tawi la Wadatooga wanaochunga katika nyanda za Hanang na Kondoa, chombo cha heshima ni mkuki. George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kwamba kijana aliyeua mnyama wa hatari kwa mkuki, kama vile simba, alipokewa kwa shangwe na kuzawadiwa ng'ombe na jamaa zake. Mkuki ulikuwa mlango wa kuingilia katika umiliki wa mifugo, na kwa njia hiyo katika ndoa na utu uzima. Desturi hiyo ilikuwa na upande wake mchungu, kwa kuwa waliohesabiwa kuwa maadui wa jamii hawakuwa wanyama peke yao. Methali ya Kiswahili isemayo "mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu" inalikumbusha jambo hilo, na si haki kuisifu silaha ya jadi bila kukumbuka aliyechomwa nayo.

Nyuma ya mshale wa chuma na mkuki alisimama mhunzi. Miongoni mwa Wadatooga wahunzi ni ukoo wa pekee, Gidang'odiga, ambao huoana wenyewe kwa wenyewe. Watu huhitaji kazi yao na papo hapo hujitenga nao. Hali hiyo ya kumhitaji mtu na kumwogopa imeripotiwa kwa wahunzi wa jamii nyingi za Afrika. Japani iliuona uwezo huohuo wa moto na chuma kwa jicho jingine. Mfua panga wa Kijapani alivaa nguo nyeupe, alijitakasa kabla ya kazi, na katika karakana yake ilitundikwa kamba takatifu ya dini ya Shinto. Jamii zote mbili zilitambua kwamba anayetengeneza kitu cha kuulia si fundi wa kawaida. Moja ilimweka kando, nyingine ikamweka karibu na madhabahu.

Majina ya silaha katika Kiswahili

Kiswahili kimehifadhi habari hizi katika msamiati wake. Neno la jumla, silaha, limetoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka bunduki na risasi. Lakini majina ya silaha moja moja za kale, kama vile mkuki, ngao, uta na fumo, ni ya Kibantu. Uta, neno la kale la upinde, lina ndugu zake katika lugha nyingi: Wakikuyu na Wakamba nao husema uta. Neno upinde ni la baadaye na limetokana na kitenzi pinda. Linataja umbo, si chombo. Ndiyo maana Kiswahili kiliweza kuuita mduara wa rangi angani upinde wa mvua bila shida yoyote.

Silaha mpya nazo zilipewa majina kutoka katika mazingira ya zamani. Mzinga wa kurushia makombora umechukua jina la mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini, kitu ambacho Msandawe mrina asali anakifahamu vizuri kuliko askari yeyote. Bunduki ya rashasha iliitwa bombomu kwa kuiga mlio wake. Watu wa Kondoa waliusikia mlio huo kwa karibu. Tarehe 19 Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Jacob van Deventer yaliuteka mji wa Kondoa-Irangi, na usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei Paul von Lettow-Vorbeck alijaribu kuurudisha mikononi mwa Wajerumani akashindwa. Katika mapigano hayo upinde na mkuki havikuwa na nafasi. Mwaka huohuo wa 1916 kilichapishwa kitabu cha Otto Dempwolff kuhusu Wasandawe, kilichotokana na utafiti alioufanya kabla ya vita alipokuwa daktari wa jeshi la Kijerumani.

Fasihi ya pwani inatoa ushahidi wa aina nyingine. Shujaa Liyongo anaitwa Fumo, neno lenye maana ya mkuki na pia ya mtawala. Utendi wa Fumo Liyongo, unaohusishwa na Muhamadi Kijumwa na mwaka 1913, unasimulia jinsi alivyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe kwa silaha ya shaba, akaenda kisimani, akapiga goti na kuvuta uta wake, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kusogea kuteka maji kwa kuwa walidhani yu hai. Kwa lugha ya mhadhara huu, taswira hiyo inasema jambo kubwa: silaha ilifanya kazi wakati mikono iliyoishika imekwisha kufa, kwa sababu watu walijua maana ya mkao ule. Maana hiyo isingekuwapo, wangeona maiti tu.

Silaha za jadi zimeacha alama hata katika maandishi ya ofisini. Kila andiko la utafiti chuoni lina sehemu ya malengo, na kila mradi wa maendeleo una walengwa. Maneno hayo yametokana na kitenzi lenga, tendo la mpiga mshale. Shabaha, neno la Kiarabu, linatumika kwa namna hiyohiyo. Mechi inayofungua msimu wa kandanda nchini huitwa Ngao ya Jamii, na kampuni ya uchapishaji iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 ikajiita Mkuki na Nyota. Katika nembo ya taifa la Tanzania umo mkuki katikati ya shoka na jembe, na vyote vimo ndani ya ngao.

Kwa upande mwingine, msamiati wa ndani wa chombo chenyewe unadhoofika. Mwanafunzi wa chuo hana shida na mshale, lakini aulizwe wano (mti wa mshale), upote (ugwe wa upinde), kigumba (chembe ya chuma) au podo (ala ya kuchukulia mishale), na wengi watanyamaza. Maneno hayo yamo katika kamusi, lakini hayamo tena katika mazungumzo. Kilichobaki hai ni sitiari, na kilichokufa ni kile ambacho sitiari ilisimama juu yake.

Kutoka msasi hadi jangili

Kufifia huko hakukutokea kwa sababu bunduki ilikuwa bora peke yake. Sheria ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanzisha vibali na hifadhi za wanyama. Waingereza waliendeleza mwelekeo huo kwa sheria ya mwaka 1921 na zilizofuata. Mkataba wa London wa mwaka 1933 kuhusu wanyama na mimea ya Afrika uliyapinga matumizi ya sumu, nyavu, mashimo na mitego, yaani karibu mbinu zote ambazo mwenyeji asiye na bunduki angeweza kuzitumia. Baada ya uhuru zilikuja sheria za uhifadhi wa wanyamapori za mwaka 1974 na 2009. Kandokando ya nchi za Warangi na Wasandawe ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire mwaka 1970, na katika miaka ya 1990 mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga.

Haja ya kuwalinda wanyama ilikuwa ya kweli, na biashara ya pembe imeonesha hasara ya kutokuwapo kwa ulinzi. Lakini matokeo yake katika lugha yanastahili kuangaliwa. Kiswahili kilikuwa na neno msasi, na bado kina mwindaji, maneno yanayomtaja mtu mwenye ujuzi. Kwa tendo lilelile, porini palepale, neno linalotumika sasa ni jangili. Mabadiliko hayo yalimwondoa mwalimu. Baba ambaye angemfundisha mwanawe kuchagua mti wa wano, kuchemsha sumu na kunyatia mnyama kwa kufuata upepo, angekuwa anamfundisha kosa la jinai. Ujuzi wa namna hiyo hausimuliwi mbele ya mgeni mwenye daftari. Ikiwa orodha za msamiati zilizokusanywa katika lugha za Kondoa zina maneno machache ya sumu na mitego kuliko inavyotarajiwa, mtafiti asikimbilie kusema kwamba lugha hizo hazikuwa nayo.

Mfano wa Japani

Japani ilipitia njia inayofanana na hiyo, ikatokea mahali pengine. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe panga, mikuki na pinde, kwa maelezo kwamba chuma chake kingetumika kujengea sanamu kubwa ya Buddha mjini Kyoto. Kwa karne mbili na zaidi baada ya hapo, panga mbili kiunoni zilikuwa alama ya tabaka la samurai. Mwaka 1876 serikali mpya ya Meiji iliwakataza hata samurai kubeba panga hadharani. Walimu wa upanga walipoteza riziki, wengine wakafikia kuonesha ujuzi wao kwa kiingilio.

Kilichookoa ujuzi huo ni taasisi. Polisi wa Tokyo waliuchukua upanga katika mazoezi yao. Mwaka 1882 Kano Jigoro alianzisha shule ya Kodokan, akaugeuza mwereka wa samurai kuwa judo. Mwaka 1895 kilianzishwa mjini Kyoto chama cha kitaifa cha sanaa za kijeshi, na kuanzia mwaka 1911 upanga wa mianzi ukaruhusiwa katika shule za sekondari. Majina yenyewe yalibadilika: kendo, kyudo, judo. Sehemu ya mwisho, do, maana yake ni njia. Kyudo ni njia ya upinde. Mwanafunzi wake hupitia hatua 8 za kupiga mshale mmoja, na kila hatua ina jina. Ya kwanza ni kuweka miguu, na ya mwisho ni utulivu wa mwili baada ya mshale kwisha kuondoka.

Njia hiyo haikuwa safi wakati wote. Katika miaka ya kabla ya 1945 sanaa hizo zilitumiwa kuwaandaa vijana kwa vita vya uvamizi, na baada ya Japani kushindwa, watawala waliomshinda walizipiga marufuku kwa miaka kadhaa. Shirikisho la kendo liliundwa mwaka 1952 kwa misingi ya michezo. Somo lililopo si kwamba Wajapani walikuwa bora kuliko wengine. Somo ni kwamba upanga uliondoka kiunoni ukaingia darasani, na maneno yakaenda nao. Leo kijana wa Dar es Salaam au Unguja anayejifunza karate huhesabu mapigo kwa Kijapani na kuinama kwa salamu ya Kijapani. Anafahamu majina ya hatua za miguu yaliyotungwa mbali sana na kwao, na hakuna aliyewahi kumfundisha maana ya neno wano.

Sungusungu na ala

Je, Tanzania haikuwahi kuwa na taasisi ya namna hiyo? Iliwahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Kahama, wanavijiji wa Kisukuma na Kinyamwezi walianzisha jeshi la jadi la Sungusungu kupambana na wizi wa ng'ombe. Kila mwanamume alitakiwa kuwa na upinde, mishale na filimbi, na kiongozi aliitwa ntemi, cheo cha watawala wa kale. Utaratibu huo ulienea katika mikoa mingine, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria ya mgambo yaliupa nafasi ya kisheria. Upinde ambao porini ulimfanya mtu kuwa jangili, kijijini ulimfanya kuwa mlinzi. Lakini Sungusungu ilikuwa chombo cha adhabu kabla ya kuwa chombo cha malezi. Vikundi kadhaa vililaumiwa kwa mateso na kwa kuwaandama watu walioshukiwa uchawi. Silaha ilirudi, na taratibu za kuizuia hazikurudi kwa kiasi kilekile.

Njia nyingine imepita katika muziki. Wagogo, majirani wa kusini wa Kondoa, wana ndono, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, unaopigwa kwa kijiti. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya dunia. Pwani nako kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma, ambamo wachezaji hushambuliana na kukingana kwa kufuata mapigo. Kwa bahati njema Kiswahili kina neno ala kwa maana mbili zenye asili tofauti: kifuko cha kuwekea kisu au upanga, na chombo cha muziki. Katika ndono, maana hizo mbili zinakaribiana sana.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba silaha za jadi katika Kondoa na majirani zake zilibeba mambo mengi kuliko vita: ziligawa mali, zilimpandisha kijana, zilisindikiza maombi na zilimweka mhunzi mahali pake katika jamii. Umeonesha pia kwamba Kiswahili kimezichukua sitiari za silaha hizo na kuuacha nyuma msamiati wa ufundi wake.

Kuna kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili na wa isimu, nayo haihitaji mtu yeyote kurudi mawindoni. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, imeonesha lugha ziko wapi. Linalofuata ni kukusanya, lugha kwa lugha, istilahi za sehemu za upinde, aina za chembe, miti ya mawano, na vitenzi vya hatua zake. Kiswahili chenyewe kina vitenzi hivyo kwa mpangilio: kupachika mshale, kuvuta, kulenga, kuachia, kufuma. Hizo ni hatua tano zenye majina, na hazijawahi kufundishwa kama njia.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mojawapo ya orodha pana za msamiati wa Kisandawe zilizopangwa kwa mada ilikusanywa na mwanaisimu Mjapani, Kagaya Ryohei, na kuchapishwa Tokyo mwaka 1993. Kazi hiyo inastahili shukrani, na inastahili pia kuwaonea haya walio karibu. Wazee waliowahi kuvuta upote kwa riziki wanazidi kupungua, na michoro ya Kolo inaliwa na jua, maji na mikono ya wapitaji. Mwamba ukifutika, picha za Leakey zitabaki. Mzee akiondoka kabla ya kuulizwa, hakuna aliyenakili.